Mtoto wa karibu miaka miwili, mvua haziishi, na nyumba ni chumba na sebule: nimchezeshe nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tabata, nalifupisha. Mwanawe wa kiume ana mwaka na miezi 10, wanakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya kupanga, na tangu masika yaanze mtoto hatoki nje. Anapanda meza ya tivii, anajirusha kutoka kwenye kochi, midoli anaitupa ukutani, akizuiwa analia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Mchana anabaki na dada wa kazi ambaye ili apate kupika inabidi amuwekee katuni kwenye simu. Baba anasema huyo ni mtundu tu, achapwe atatulia. Mama anauliza vitu viwili: je mtoto ana tatizo, na amchezeshe nini humo ndani maana nafasi hamna na hela ya midoli mingine pia hamna.

Dada yangu, naanza na hilo la kwanza maana najua ndo linakunyima usingizi. Kwa ulivyoeleza, sioni tatizo. Mtoto wa umri huo anayepanda, anayeruka, anayetupa na kumwaga anafanya kile ambacho mwili wake unatakiwa kufanya, na mimi kama mtu wa fiziotherapia ya watoto, yani tiba ya viungo kwa mazoezi, ningeshtuka zaidi kama ungeniambia anakaa kwenye kochi asubuhi mpaka jioni katulia tuli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 wamesema apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, yani masaa 3, ila sio kwa mkupuo, ni vipande vipande toka anaamka mpaka analala, na kila kitu kinahesabika, kutembea, kupanda, kucheza muziki, kubeba vitu, kuinama na kuinuka. Wakasema pia asibanwe sehemu moja zaidi ya saa 1 kwa wakati mmoja, iwe kwenye kiti, kwenye kigari au mgongoni kwenye mbeleko. Na alale masaa 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana.

Sasa angalia siku ya mwanao ilivyo. Asubuhi simu, mchana kalala, akiamka simu tena, halafu wewe unarudi saa 12 jioni umechoka na yeye ndo kwanza ana masaa yake yote 3 hajayatumia. Unadhani yataenda wapi? Yanaenda kwenye meza ya tivii. Ndo maana akina mama wengi wanaofanya kazi wanasema jioni mtoto anabadilika, kumbe mtoto hajabadilika, ni mwili unadai.

Na kumchapa hakutasaidia hapo, naomba baba anielewe vizuri. Kiboko hakipunguzi hitaji la kujongea, kinaongeza woga tu, na mtoto wa mwaka na miezi 10 hawezi kuunganisha kiboko cha saa hizi na meza ya saa 4 asubuhi. Baba huyo huyo nina kazi naye huko mbele, nzuri tu.

Kwenye hilo swali la pili, nataka ubadilishe mawazo kidogo. Mnaponiuliza michezo ya ndani huwa naona mnategemea nitataja midoli, picha za kuunganisha, vitu vya dukani. Mtoto huyu hana shida ya midoli. Anachotaka ni kazi, tena kazi nzito kwa kipimo chake: kusukuma, kuvuta, kubeba, kupanda. Misuli na viungo vikipata mzigo, ubongo unapokea taarifa kwamba mkono upo hapa, mguu upo hapa, mwili una nguvu kiasi hiki, na watoto wengi ukiwapa hiyo kazi wanatulia wenyewe baada ya hapo. Kumkimbiza kimbiza tu sebuleni mara nyingi kunampandisha mzuka, ila mzigo unamshusha. Hii ndo siri ninayowapa wazazi wote wa nyumba ndogo, na uzuri wake ni kwamba kazi ndani ya nyumba zimejaa, hununui kitu.

Chukua beseni la nguo, weka nguo chafu za kumtosha, mwambie tupeleke kule. Atalisukuma kwa mikono miwili, makalio juu, anahema, toka chumbani mpaka sebuleni. Akifika toa nguo moja moja mhesabu, rudisha, arudi nalo tena. Mtu mzima atachoka kuangalia kabla yeye hajachoka kusukuma, na usimkatishe, kurudia ndo kujifunza kwenyewe. Dumu la lita 5 likiwa na maji nusu na mfuniko umekazwa, likilazwa chini anaweza kulisukuma, na maji yanavyocheza ndani inabidi ajipange upya kila hatua, hayo ni mazoezi ya balansi kabisa. Chupa ya nusu lita ikijaa maji ni nusu kilo, ziweke mbili kwenye kikapu chake kidogo hapo anabeba kilo moja, na kwa mtoto wa kilo 11 au 12 huo ni mzigo wa kutosha. Mtume. Mpelekee bibi chupa. Mletee mama chupa. Viazi vya kupika avitoe kwenye mfuko kimoja kimoja aviweke kwenye sufuria, vitunguu hivyo hivyo. Mpe kitambaa kibichi afute sakafu akiwa amepiga magoti, asukume kitambaa mbele kwa mikono miwili, hapo mabega na tumbo vinafanya kazi kuliko kwenye kifaa chochote cha kununua. Nguo ndogo azikamue, soksi, leso. Kukamua kunajenga vidole vitakavyoshika penseli baadae.

Nalisisitiza hili kwa sababu lina faida nyingine, dada wa kazi anaweza kulifanya huku anapika. Ukimwambia dada "mchezeshe mtoto" ni kama umemuongezea kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, na yeye ana ubwabwa jikoni. Ila akiwa anachambua mchele na mtoto pembeni anahamisha viazi, kazi inaenda, na mtoto anasikia maneno pia. Kaa nae vizuri, mfundishe kwa kumuonyesha, usimlaumu kwa simu maana wewe mwenyewe ukibaki nae peke yako siku ya mvua utaishika hiyo simu.

Tuje kwenye kupanda na kuruka. Hutaweza kumzuia kupanda, kwa hiyo mpe pa kupanda. Kwanza shughulikia ile meza ya tivii, leo sio kesho, tivii ikimwangukia mtoto inaua. Ifunge ukutani, au ishushe kwenye kitu kifupi kipana na uisogeze nyuma mpaka ukutani, na remote na vitu vya kung'aa vitoke pale juu maana ndo vinavyomwita. Halafu shusha godoro chini sebuleni mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Weka mito miwili chini yake upande mmoja iwe kilima, apande kwa miguu, ashuke kwa makalio, apande kwa magoti. Kochi lisogee karibu na godoro, atoe miguu kwanza ashuke kinyumenyume kwa tumbo, hiyo ya kushuka kinyumenyume mfundishe mpaka izoeleke maana ndo itakayomuokoa kitandani na kwenye ngazi. Kuhusu kuruka, usitegemee kwa sasa atoke na miguu yote miwili pamoja, wengi wanaanza kuiweza wakifika miaka 2 na kuendelea, sasa hivi "kuruka" kwake ni kutanguliza mguu mmoja na kujiachia. Mshike kwapani ukiwa umekaa mbele yake, hesabu moja mbili tatu, ajiachie kwenye godoro.

Ataanguka, na huko kuanguka usikuogope sana. Karen Adolph na wenzake wa chuo kikuu cha New York walichapisha utafiti mwaka 2012, waliwaangalia watoto wa miezi 12 mpaka 19 wakicheza kwa uhuru wao wakakuta kwa wastani mtoto anapiga hatua 2,368 kwa saa 1 na anaanguka mara 17. Kwa saa moja! Yani kuanguka ni sehemu ya somo. Kazi yetu ni kuhakikisha anapoangukia hapana kona ya meza, hapana jiko, hapana chupa ya kupasuka. Na ukisikia kishindo subiri kwanza umwangalie usoni kabla hujapiga kelele, wengi wanalia kwa sababu sisi tumeruka.

Midoli anayotupa ukutani ni hivi, umri huu mtoto anajua kurusha ila kudaka bado, kudaka vizuri kunakuja kwenye miaka 3 huko na zaidi. Kwa hiyo mpe cha kurusha. Kunja soksi kuukuu ziwe mipira, kama 10 hivi, weka beseni mbali kidogo arushe ndani. Akizoea lisogeze. Lipandishe juu ya stuli. Baadae unaweka chupa tupu za plastiki tatu zimesimama azigonge kwa kuviringisha mpira, na mpira wa makaratasi uliofungwa na seloteipu ni mwepesi, anaupiga teke bila kuvunja kitu. Kanuni ya nyumba iwe moja, soksi zinarushwa, gari la plastiki halirushwi, akirusha gari unalichukua bila hasira unampa soksi. Itachukua siku kadhaa kukaa kichwani, endelea tu.

Handaki, hapa khanga zako zitafanya kazi. Panga viti viwili, tandaza khanga juu, atambae chini yake akufuate upande wa pili. Boksi la kubebea bidhaa dukani ukifungua pande zote mbili ni handaki jingine, likichoka linakuwa gari analisukuma. Kutambaa bado kunamfaa hata kama anatembea, kunajenga mabega na viganja. Na wale mnaokaa nyumba zenye korido ndefu katikati na vyumba huku na huku, korido ile ni uwanja, ongeeni wapangaji mkubaliane muda, saa 4 asubuhi wengi wametoka, majiko ya mkaa na ndoo zitolewe pembeni, mtoto avute boksi lenye kamba fupi kutoka mlangoni mpaka uani na kurudi. Kamba iwe fupi, isizidi urefu wa mkono wake, ndefu inaweza kumzunguka shingoni.

Muziki pia usiusahau. Washa redio, ikipigwa singeli mnacheza wote kwa kasi, unazima ghafla mnasimama kama mlivyo. Mwanzoni hataelewa, atacheka tu. Baada ya muda utaona anajizuia kwa nguvu zote mguu uko juu, na huko kujizuia ndo msingi wa mtoto kuja kusikia "acha" na akaacha kweli. Jioni badilisha, weka taarabu ya polepole, tembea kama mzee, tembea kama kobe, shikaneni mikono mzunguke taratibu. Kasi kwanza, utaratibu mwisho, ukigeuza mpangilio usingizi utausubiri mpaka saa 5 usiku.

Baba sasa. Kazi yake ni dakika 15 akirudi, kabla ya taarifa ya habari. Apige magoti na viganja chini awe daraja, mtoto apite chini. Awe farasi, mtoto apande mgongoni ashikilie. Walale kwenye godoro wapigane mieleka ya uongo, mtoto amsukume baba, baba aanguke kwa mbwembwe. Mchezo wa nguvu wenye upendo ndani yake unamfundisha mtoto kipimo cha nguvu zake, na baba wengi wakishaanza huo hawazungumzii tena kiboko, naliona hilo mara nyingi kwenye familia ninazofanya nazo kazi. Kitu kimoja tu baba akiepuke kabisa: kumnyanyua au kumzungusha mtoto kwa kumshika mkono au viganja. Mfupa wa kiwiko kwa umri huu unachomoka kirahisi kwenye utepe unaoushikilia. Mtoto analia, kisha mkono unaning'inia, hataki kuutumia. Ikitokea usimchue wala kumkanda kwa mafuta, mpeleke hospitali, wanaoujua wanaurudisha kwa sekunde chache. Kumnyanyua ni kwapani, siku zote.

Usalama wa masika una mambo yake na sitaki niyapitie juu juu. Ndoo za kukingia maji ya mvua. Mtoto wa umri huu kichwa ni kizito kuliko makalio, akiinama kwenye ndoo akatumbukia kichwa hawezi kujitoa, na maji ya kina cha sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha, tena kimya kimya bila kelele. Ndoo zote ziwe na mifuniko ya kukaza au ziwe nyuma ya mlango uliofungwa, na ukimchezesha maji kwenye beseni usitoke hata kufungua mlango, toka nae. Jiko la mkaa usiliingize ndani eti kwa sababu mvua inapiga uani, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na nyumba mmefunga madirisha, inaweza kuwamaliza wote usingizini. Punje za maharage, karanga, vifuniko vya chupa, vile vibetri bapa vya remote na saa, hivyo vyote ni vya kuokota sakafuni kabla mtoto hajaachiwa, kibetri kikimezwa kinaunguza koo ndani ya masaa machache, hospitali mara moja. Ukitaka manyanga tia maharage kwenye chupa kavu, mfuniko paka gundi kali usubiri ikauke. Na soksi miguuni kwenye taili au sakafu ya simenti iliyong'arishwa ni kuteleza, mwache pekupeku, vidole vishike sakafu.

Kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea, wewe hukukiuliza ila najua kuna anayesoma hapa anataka kumnunulia mdogo wake. Usinunue. Hakimfundishi kutembea, kinamfikisha haraka kwenye jiko na ngazi. Canada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Kuhusu simu, mwongozo ule wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asiangalie kabisa, wa miaka 2 isizidi saa 1 na ikiwa pungufu ni bora. Najua hali halisi. Kwa hiyo usiikate ghafla, ondoa kwanza ile ya asubuhi, maana asubuhi ana nguvu na dada ana viazi. Ya wakati wa kupika mchana iondoe wiki inayofuata. Wakati wa kula na saa ya mwisho kabla ya kulala isiwepo kabisa. Siku mbili tatu za kwanza atalia sana, mjiandae, dada ajue kwamba kilio hicho sio kosa lake.

Na mvua sio lazima imfungie ndani siku nzima. Nimonia inaletwa na vimelea, matone ya mvua hayana hatia. Ikikatika mtoe, hata dakika 20 barazani, apate na jua kwa ajili ya mifupa. Mfunike tu asilowe akabaki na nguo mbichi, na asikanyage maji yaliyotuama wala ya mitaroni, ule uchafu wa vyoo vilivyofurika ndo wa kuogopa.

Wa kumpeleka kwa daktari ni yupi? Mtoto aliyefika miezi 18 hajatembea mwenyewe, anayetumia mkono au mguu wa upande mmoja tu, anayetembea kwa ncha za vidole muda wote, aliyekuwa anaweza kitu kisha akaacha, asiyekuangalia wala kugeuka ukimwita. Matege kidogo kabla ya miaka 2 ni kawaida, yakiwa yanaongezeka au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, nenda. Mwanao kwa maelezo yako hayumo kwenye kundi hilo. Kliniki ukienda kwa ajili ya kupima uzito muulize nesi na kuhusu kucheza na kuongea, wanatakiwa kuangalia ukuaji wote, wasiishie kwenye kilo peke yake.

Ulimalizia kwa kuniambia mpangaji wa chumba cha pili analalamika vishindo. Godoro litapunguza sana, na kuruka kuwekeni saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, muda ambao ulisema yeye yuko kazini. Muda mwingine iwe beseni, soksi na handaki la khanga, hivyo havina kelele. Mwambie na yeye ratiba hiyo kabla hamjaanza, umgongee mlango uende na mtoto mkononi.